Bunduki Kuukuu ya Kuvulia Samaki Niliyouziwa kwa Jina Lisilo Lake

Baada ya kutafuta kwa miezi kadhaa bunduki ya springi ya kuvulia samaki, ile ambayo mpiga mbizi huishika mkononi chini ya maji, niliagiza moja kwa muuzaji wa vitu vya kale anayefanya biashara yake mtandaoni. Tangazo lake lilisema kuwa ni bunduki ya Ufaransa ya miaka ya 1930, kamili na isiyobadilishwa kitu. Bunduki yenyewe ni nzuri na sijutii kuinunua. Maelezo yaliyoandamana nayo ndiyo yaliyonipa kazi.

Dai la Ufaransa halikuwa la kipuuzi. Uvuvi wa namna hii ulikua kwenye pwani ya Mediterania ya nchi hiyo, ambako Alec Kramarenko, Mrusi aliyeishi Nice, alikuwa miongoni mwa waliotengeneza bunduki za springi kabla ya Vita Kuu ya Pili vya Dunia, na ambako Georges Beuchat alianzisha kampuni yake Marseille mwaka 1934. Bunduki halisi ya wakati huo ni adimu, na kila muuzaji anajua hivyo. Hata hivyo, nilipopitisha kidole juu ya mpini nilihisi herufi chini ya mabaki ya rangi. Nilizisugua taratibu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, nikasoma: BREVETTATO. Hicho ni Kiitalia, maana yake yenye hataza, yaani haki ya kipekee ya mvumbuzi. Mfaransa angeandika BREVETÉ, na mara nyingi angeongeza S.G.D.G., yaani hataza iliyotolewa bila dhamana ya serikali, alama iliyotumika hadi mwaka 1968. Kwa umbo lake na kwa mpini wake wa plastiki, mimi naiweka katika miaka ya 1950, wakati kampuni ya Cressi ya Genoa, iliyoanzishwa mwaka 1946, na watengenezaji wengine wa Italia walikuwa wakiuza bunduki za springi kwa wingi. Jina la mtengenezaji wa hii halionekani, nami sitaibandika jina kwa kukisia.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa mshale. Katika bunduki ya springi mshale husukumwa ndani ya mtutu hadi mkia wake unaswe na komeo, na kwa kuwa mkia umefichwa humo, kamba hufungwa kwenye pete inayoteleza juu ya mshale. Mshale nilioletewa haukuwa na pete, bali ulikuwa na vikato viwili karibu na mkia, vya kunasia mpira. Huo ni mshale wa bunduki ya mpira, yaani inayorusha mshale kwa mpira uliovutwa badala ya springi, na ndani ya mtutu ulikuwa ukichezacheza kama kijiko ndani ya chupa. Mtu asiyejua angeutazama na kuridhika, kwa kuwa urefu wake unafaa na chembe yake, yaani ncha, ni ya zamani kweli.

Springi ni ya asili, ingawa imechoka na kufupika, jambo la kawaida kwa chuma kilichobanwa mara nyingi kwa miaka. Matundu ya mtutu, yanayoruhusu maji kutoka mshale unapofyatuliwa, hayana kutu ya kutisha. Kilichoniudhi ni shaba iliyong'arishwa kwa mashine mpaka kingo zake zikalainika. Weusi ule wa miaka ungeachwa ulivyo.

Ufungaji ulikuwa bora, chembe ikiwa imechomekwa kwenye kizibo, na mzigo ulifika kwa wakati. Nilipomtumia muuzaji picha za maandishi na za vile vikato, alijibu siku hiyo hiyo kwa adabu na akanirudishia sehemu ya fedha bila kubishana. Kwa huduma nampa alama nne kati ya tano, kwa ujuzi wa bidhaa zake mbili. Bunduki nyingine ya aina hiyo hiyo ingali kwenye ukurasa wake: neno Ufaransa ameshalibadilisha kuwa Italia, lakini miaka ya 1930 ameiacha palepale.