St. Anger ya Metallica: Sabufa Ni Nzima, Sneya Ndiyo Tatizo

Wadau wa roki wa Dodoma, nianze na onyo. Ukiweka St. Anger, albamu ya 2003 ya bendi ya Kimarekani Metallica, na kila sneya (ile dramu ndogo yenye nyaya chini) inapopigwa ukasikia "teng" inayobaki masikioni hadi "teng" nyingine inafika, usibebe sabufa kupeleka kwa fundi. Utaliwa hela.

Kuna kibanda kimoja hapa mjini, jina nalihifadhi. Jamaa alisikiliza sekunde chache tu za Frantic, wimbo wa kwanza, akazima, akatangaza kwamba koni (ile karatasi ya spika inayotetema) imepasuka na spika ni ya kubadilisha, elfu thelathini na tano. Kumweleza kwamba albamu yenyewe ndivyo ilivyorekodiwa, jibu lake hili hapa: "Kaka, wazungu hawawezi kurekodi upuuzi kama huu. Toa hela nibadilishe, au ondoa mzigo wako mezani, wateja wananisubiri." Mbele za watu. Nusu ya hasira iliyomo kwenye maoni haya ni ya fundi huyo. Nusu iliyobaki ni ya Lars Ulrich, mpiga dramu wa Metallica, kwa sababu ndiye aliyempa fundi mdomo.

Kabla mtu hajakutoza, pima mwenyewe. Weka wimbo huohuo kwenye simu, tumia hedifoni. Kama "teng" bado ipo, sabufa yako haina kesi. Halafu rudi kwenye sabufa, weka wimbo mwingine kabisa, taarabu au kwaya, kitu chenye besi ya kutulia na sauti ya mtu. Koni iliyopasuka inakwaruza kwenye besi, tena inazidi unavyoongeza sauti, na ukiigusa kidogo kwa kidole ule mkwaruzo unabadilika au unakata. Zima, kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande mbili kwa pamoja. Ikirudi bila kukwaruza, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, iko salama. Kazi yote haifiki dakika tano, na fundi mwenye nia njema angeifanya kabla ya kutaja bei.

Sasa sneya yenyewe. Ngoma ile ina ngozi mbili. Ya juu ndiyo inayopigwa. Ya chini ni nyembamba sana, na kwa nje ya ngozi hiyo ya chini, zikiigusa kwa upande wa chini, zimepita nyaya za chuma zilizojikunja kama springi, kwa kawaida ishirini hivi. Pembeni pana mkono mdogo. Ukiupandisha, nyaya zinabana ngozi, na kila pigo linatoka fupi na kavu, lile "chwaa" unalolijua kwenye kila wimbo wa dansi au injili. Ukiushusha, nyaya zinaning'inia tu, na ngoma inabaki tomu (dramu ya kawaida isiyo na nyaya) ndogo iliyokazwa mno: mlio wa mzinga wa chuma unatoka mtupu na unaendelea kulia. Kwenye St. Anger mkono umeshushwa. Kwenye albamu nzima! Nyimbo 11, dakika 75, na hakuna aliyenyanyuka kuupandisha.

Na hata ukiamua kupiga bila nyaya, dawa ya ule mlio inajulikana. Mpiga dramu yeyote wa kwaya hapa mjini ataikaza ngoma kwa kuzunguka skrubu zinazotazamana, robo mzunguko kila moja, mpaka ngozi ilie sauti moja pande zote, halafu atabandika selotepu au kipande cha kitambaa sentimita mbili tatu kutoka ukingoni. Mlio unakufa palepale. Gharama yake ni ya kununulia maandazi. Hawa walikuwa na studio yao, na Bob Rock, prodyuza aliyetengeneza albamu yao ya 1991 inayoitwa albamu nyeusi, ameketi kwenye mitambo na besi mkononi kwa sababu mpiga besi wao, Jason Newsted, alishaondoka 2001. Hakuna aliyebandika hata kipande.

Mtu wa Dodoma linamuuma zaidi. Wagogo wanapotengeneza ilimba, ile ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, juu ya tundu la kisanduku wanabandika utando wa buibui makusudi, ili chuma kisilie kitupu, kila noti ivae mvumo wake. Yaani wazee wa huku wanahangaika kuutafuta mvumo. Ulrich alikuwa nao tayari chini ya ngoma, akauzima kwa kidole.

Lakini hapohapo sikubaliani na wanaosema ni bahati mbaya au ulevi wa studio. Ulrich amekuwa akiitetea sneya hiyo miaka yote, na maelezo yake ni kwamba aliacha nyaya zimelegea siku moja, akapenda alichosikia, wakaendelea nacho. James Hetfield, mwimbaji wao, aliwahi kukiri mwaka 2017 kwamba St. Anger ingefaa ipunguziwe kidogo sneya ya bati. Kidogo! Kwa hiyo walisikia wote, wakakubali wote. Ni uamuzi. Uamuzi mbovu, kwangu mimi nyota mbili kati ya tano, na hiyo ya pili ni ya gitaa.

Haya, mashabiki. Tuliolelewa na albamu nyeusi tunaikataa St. Anger kwa sababu haina kitu cha kuimba pamoja. Hakuna wimbo kama Nothing Else Matters wa albamu ile, wala hakuna solo ya gitaa hata moja. Kirk Hammett, mpiga gitaa mwenye vidole vile, kapewa kazi ya kupiga mirindimo tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wakubwa zaidi yetu, wale wa ...And Justice for All ya 1988, wanaikataa kwa sababu ya uzalishaji. Hapo ndipo ninapocheka. Albamu yao hiyo besi haisikiki! Newsted alipiga, wakaishusha mpaka ikapotea, na wao wanaiita kazi ya kifalme. Ya 2008, Death Magnetic, imekandamizwa sauti hadi inapasuka yenyewe, na faili zilizotolewa kwenye gemu ya Guitar Hero zikasikika safi kuliko CD ya dukani. Hiyo nayo wamesamehe. Kosa la kuiondoa besi linasameheka, la kupasua sauti linasameheka, la mkono mmoja wa sneya halisameheki?

Vijana walioingia kwenye roki kupitia bendi za Slipknot na Korn, wengi wao wa vyuoni hapa, wanaipenda bila aibu. Gitaa limeshushwa, ngumi zimekunjwa, mtu anapiga kelele kuhusu mambo yake ya ndani. Wanasema sneya ile ndiyo hasira yenyewe. Mwaka 2015 mashabiki fulani huko nje waliirekodi upya albamu yote, sneya ya kawaida, nyimbo zimefupishwa, wakaiweka mtandaoni. Wazee wakashangilia: umeona, nyimbo zilikuwa nzuri! Vijana wakasema imepoozwa. Nimezisikiliza zote mbili na kila upande una haki kwenye nyimbo tofauti. Dirty Window imepona kwenye toleo la mashabiki. Wimbo wenye jina la albamu umepoteza meno.

Na hapa nifute kidogo nilichosema juu. Kila mtu anailaumu sneya kwa sababu ndiyo inayogonga sikio, ila ukikaa na albamu hii kwa muda, ugonjwa mkubwa ni urefu. Hakuna wimbo ulio chini ya dakika tano. Walipiga kwa vipande vipande, masaa na masaa, halafu vipande vikakatwa na kubandikwa kwenye kompyuta mpaka vikatoka nyimbo. Unasikia mshono. Some Kind of Monster ina rifu (kipande cha gitaa kinachorudiwa) moja nzito ya kutisha, inakuja, inarudi, inarudi tena, dakika nane na ushee, na mara ya nne haijabadilika hata unyoya kwa sababu huenda ni kipande kilekile kilichobandikwa. Walipoutoa kama singo waliukata hadi karibu nusu, na haukupungukiwa kitu. Invisible Kid nao una ugonjwa huohuo wa urefu. Sneya yenye kelele ndani ya wimbo wa dakika nne inavumilika. Ndani ya dakika nane na nusu ndiyo inayomtuma mtu kwa fundi.

Ushahidi uko ndani ya kasha lenyewe. Toleo la 2003 lilikuja na DVD: nyimbo zote 11 zikipigwa mubashara kwenye chumba cha mazoezi, Robert Trujillo mgeni kwenye besi. Hapo hakuna kubandika. Watu wanne wanautoa wimbo mwanzo hadi mwisho, wanatazamana, wanaharakisha, wanapunguza, na ghafla Sweet Amber ni wimbo. The Unnamed Feeling, ambao kwenye CD unakuchosha kabla haujafika penye utamu, kwenye DVD unakushika shingo. Besi inasikika kama besi ya mtu mwenye vidole. Nasema hivi huku bado nikiwa na hasira: hizi nyimbo ni nzuri. Nyota nne. Ndiyo, nimeruka kutoka mbili.

Kama una shaka, tafuta All Within My Hands ya tamasha walilofanya na okestra ya San Francisco mwaka 2019. Magitaa ya kavu, sauti imetulia. Kwenye albamu huo ndio wimbo unaoishia kwa Hetfield akipiga kelele za kuua mpaka unatafuta kitufe. Ni wimbo uleule! Tena ndio waliochukua jina lake kuiita taasisi yao ya misaada. Watu hawaiti taasisi jina la wimbo wanaouonea aibu.

Namna ya kuisikiliza bila kuumia, kwa vifaa tulivyonavyo. Sabufa nyingi za nyumbani huku zimewekwa kwa ajili ya singeli na bongo fleva, kitasa cha besi kimezungushwa mpaka mwisho. Humu, kwenye nyimbo nyingi, waya mnene wa gitaa umeshushwa hadi C, karibu hezi 65, eneo lilelile sabufa inalopenda kuunguruma, kwa hiyo rifu yote inageuka tope na kinachobaki juu yake ni "teng" peke yake. Rudisha besi katikati au chini ya hapo. Kwenye simu yenye ekwalaiza ya vijiti vitano, shusha cha hezi 910 kwa desibeli nne hivi, cha 3600 kwa mbili, na usiguse 230 maana mwili wa gitaa umekaa hapo. Sneya haitaondoka, ila itarudi nyuma hatua. Ukishusha 910 zaidi ya sita, sauti ya Hetfield nayo inaingia kwenye shimo, na hapo umeondoa sababu ya kusikiliza.

Angalia pia faili unazoingiziwa kwenye flashi. Albamu nzima kwa kbps 128 (kipimo cha ubora wa faili) inakuwa megabaiti 72 hivi. Kwa 320 inafika 180. Folda ikiwa chini ya themanini, umepewa iliyobanwa, na humu kubana kunaumiza kuliko kawaida kwa sababu matoazi hayapumziki: yanageuka maji yanayomwagika, yakichanganyika na mlio wa sneya unapata kichwa kuuma kabla ya wimbo wa tatu. Wauza nyimbo wengine wanaongeza na sauti ya faili "ili igonge". Kataa. Imeshagonga vya kutosha.

Wapiga gitaa wanaotaka kuijaribu nyumbani: shusha nyaya zote nota nzima moja, yaani nusu-toni mbili, kisha ule mnene ushushe nota nzima nyingine, upate C, G, C, F, A, D. Ukiwa na seti nyembamba ya 9 (namba ni unene wa waya mwembamba kabisa) nyaya zitalegea na kugonga shingo. Tia 11 au 12, na baada ya kubadilisha kagua tena noti ya freti ya 12, ule mstari wa chuma wa kumi na mbili shingoni, maana itakuwa imetoka. Rifu zenyewe si ngumu. Ugumu ni mkono wa kulia kuvumilia dakika saba bila kupunguza nguvu, na hapo ndipo unaanza kuwaheshimu jamaa.

Kwa hiyo nyota ngapi? CD peke yake, ukisikiliza mfululizo kwa dakika 75, napanda hadi mbili na nusu tu, na siku umeme ukikatika katikati ya Purify sitalia. CD pamoja na DVD, nne. Ukianza na wimbo wenye jina la albamu, ukafuata Dirty Window, Sweet Amber, The Unnamed Feeling, ukaishia hapo, ni nne na nusu, na anayesema Metallica walikufa 1991 aje nimuwekee.

Kwa wanaotafuta nakala halisi ya toleo la 2003: fungua kasha kabla hujalipa. Diski ziwe mbili. Nyingi zinazozunguka mikononi zimebaki na CD tu, na muuzaji atakuapia kwamba ndivyo zilivyotoka kiwandani. Akikuapia hivyo, mrudishie kasha lake, hata kama amepunguza bei.