Wetisuti ya Triathloni: Anza na Shingo

Wetisuti yangu ya kwanza, yaani vazi la mpira linalobana mwili la kuogelea katika maji baridi, niliinunua mtandaoni kwa ajili ya triathloni, mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, nikaivaa katika ziwa la Windermere, Uingereza, na kabla sijamaliza mita 200 nilikuwa nimeishika kola kwa mkono mmoja, nikiivuta nipate pumzi. Jioni nilikuwa na mchubuko uliozunguka shingo nzima.

Wanunuzi wengi huuliza unene wa mpira, jambo ambalo kanuni za mashindano zimekwisha kulimaliza kwa kuweka kikomo cha milimita 5. Shingo haiulizwi. Kola inayobana ndani ya maji baridi, ambayo yenyewe hukaza kifua, humfanya mwogeleaji adhani ameingiwa na hofu, kumbe anakabwa na vazi. Ikilegea, maji huingia kila anapogeuza kichwa kuvuta hewa. Mara nyingi, hata hivyo, kosa huanzia miguuni: mpira usipopandishwa mpaka ukakaa barabara kwenye msamba, mabega huvutwa chini na kola huja kukandamiza koo. Kwa hiyo pandisha kwanza, funga zipu, kisha geuza kichwa kulia na kushoto mara ishirini na umeze mate. Ukisikia kukabwa dukani, majini utakabwa zaidi.

Kwa kipimo hicho, naiweka Blueseventy Helix mbele ya zote, wala sifichi upendeleo wangu. Kola yake ni fupi na laini, na zipu hufungwa kwa kuvutwa kuelekea chini, hivyo kichwa cha zipu hakikai kisogoni kikikwaruza ngozi. Ya pili ni HUUB yenye milimita 3 juu na 5 miguuni, kwa sababu humfaa sana yule ambaye miguu yake huzama. Orca Athlex Float, nayo ya kuinua miguu, naiweka ya tatu. Zile za bei nafuu za Decathlon zinatosha kwa kujifunzia.

Anayeogelea Mombasa au Zanzibar pekee asinunue yoyote, kwani maji ya huko ni ya joto, na katika mashindano ya triathloni ya Ironman anayevaa wetisuti maji yakizidi nyuzi 24.5 hapewi zawadi.

Linaloniudhi ni majedwali ya vipimo ya wauzaji. Yanataka urefu, uzito na kifua, lakini mengi niliyoyaona hayana mahali pa kuandika mzingo wa shingo. Aliyeniuzia ile wetisuti ya kwanza alikataa kuipokea tena kwa kuwa ilikwisha kuingia majini, kana kwamba kuna mahali pengine pa kuijaribia, na kuhusu mchubuko akanishauri nipake mafuta ya mgando. Mafuta hayo hutokana na mafuta ghafi na yanaweza kuharibu neoprini, mpira wa wetisuti. Muuzaji anayedai mamia ya pauni kwa vazi moja alipaswa kulijua hilo kabla yangu.