Kebo za mtandao wa ofisi ndogo: ya kununua na ya kukimbia

Boksi lilikuwa jepesi, nami nikafurahi. Nililipandisha ngazi mwenyewe kwa mkono mmoja, mita 305 za kebo iliyoandikwa Cat6 (jina la daraja la kebo za mtandao), nikijiona mjanja kwa bei niliyoipata. Miezi minne baadaye kifaa cha kurusha Wi-Fi cha mwisho wa korido kikaanza kujizima na kujiwasha, hasa mchana watu wakiwa wengi. Nikabadilisha kifaa. Nikabadilisha swichi, kile kifaa kinachogawa mtandao kwa kebo nyingi. Nikagombana na kampuni ya intaneti, ambayo safari hii haikuwa na kosa (hutokea, mara chache). Mwishowe fundi mmoja akakata kipande cha kebo, akakwangua waya kwa wembe, akanionyesha bila kusema neno. Juu rangi ya shaba, ndani nyeupe.

Ile ni alumini iliyovishwa shaba. Sokoni inaitwa CCA, na karibu mwongozo huu wote unaihusu yenyewe. Habari za kasi kila tangazo linazo, kwa hiyo sitazikalia.

Alumini hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba. Waya wa CCA wa unene uleule huwa na ukinzani uliozidi ule wa shaba kwa zaidi ya nusu. Kompyuta iliyo jirani na swichi inaweza isilalamike kabisa. Lakini kamera, simu za mezani na vifaa vya Wi-Fi siku hizi hunywa umeme kupitia kebo hiyohiyo ya data, kwa PoE: wati 15.4 kutoka kwenye swichi kwa kiwango cha kwanza, 30 kwa kilichofuata. Umeme huo ukipita kwenye alumini, sehemu kubwa zaidi hupotelea njiani kama joto, na kifaa cha mbali hukosa nguvu saa ileile kinapohitajika. Waya wenyewe hukatika upesi ukikunjwa, na pale ulipokatwa huota kutu nyeupe hadi kiungo kinalegea. Viwango vya TIA na ISO, mashirika yanayoweka viwango vya kebo, haviukubali, kwa hiyo hakuna Cat6 ya CCA, hata boksi liandikwe nini.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, nyanyua boksi; la shaba litakuumiza mkono. Kwangua waya. Soma maandishi ya kwenye ganda la kebo, maana "CCA" mara nyingine imeandikwa hapo kwa herufi za kuhitaji miwani. Kama kebo imeshalazwa, unganisha nyaya mbili za jozi moja (zilizosokotwa pamoja) upande wa mbali, kisha pima ukinzani upande huu kwa multimita: kwa kebo ya mita 50 isizidi omu 9.4.

Namba moja kwangu ni Cat6 ya shaba tupu, nyaya nene za AWG 23 (AWG ni kipimo cha unene wa waya). Inabeba gigabiti 10 kwa sekunde hadi mita 55 hivi, na ofisi ndogo haina korido ndefu kuliko hapo. Mimi ni mtu wa kebo za Belden, sifichi. Kampuni ilianza Chicago mwaka 1902, na sijawahi kukwangua kebo yao halisi nikakuta nyeupe. Ghali, ndiyo. Lakini kebo inakaa ndani ya ukuta, na ukuta haubomolewi kila mwaka.

Namba mbili ni Cat5e ya shaba tupu, gigabiti 1 hadi mita 100. Wauzaji wataicheka. Waache wacheke, inaishinda Cat6 yoyote ya uongo.

Cat6A naiweka ya tatu. Ni nzuri, ila nene na ngumu kukunja, na fundi atanung'unika siku nzima. Cat7 usihangaike nayo. Za bei ya chini: kwangua, ikiwa shaba hadi ndani, chukua.

Vipande vifupi vya kutoka ukutani hadi mezani navyo hutengenezwa kwa CCA, usivisahau. Ukutani usivuke mita 90, ubakize 10 kwa ajili yao, na kila meza ipate kebo mbili. Kwenye swichi soma jumla ya wati: milango 8 ya PoE yenye wati 60 kwa pamoja haiwezi kulisha vifaa 8 vya wati 15. Ruta, MikroTik hEX inatosha.

Kinachonikera hadi leo ni kile kibao cha dukani: "bidhaa ikifunguliwa hairudishwi". Sasa nitaijua alumini bila kufungua? Nilipouliza nikajibiwa, "Zote ni kebo tu, dada." Nilinunua mawili siku ile; la pili bado ninalo. Nilijaribu kuegemezea mlango wa stoo, upepo ukalisukuma.