Glasi ya kunywea maji kama kipimo cha vipele: inafaa wapi, inadanganya wapi

Kwa kupima vipele vya mtu mwenye homa nyumbani, glasi ya kunywea maji inazishinda programu za simu zinazosoma picha. Ila si kila glasi. Iwe angavu, isiyo na rangi, ubavu laini bila nakshi. Ya plastiki laini inabonyea, haikandamizi sawasawa.

Laza ubavu wa glasi juu ya madoa, kandamiza kwa nguvu, na utazame kupitia glasi yenyewe wakati bado umekandamiza. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanainua glasi kwanza ndipo watazame, kumbe damu imesharudi. Doa linalofifia, damu yake bado imo ndani ya mishipa, imesukumwa pembeni tu. Lisilofifia ni damu iliyovilia chini ya ngozi. Huanza na vidoa mithili ya alama za kuchomwa pini, milimita 1 au 2, kisha huungana kuwa mabaka ya zambarau. Pamoja na homa, huenda ni bakteria wa homa ya uti wa mgongo walioingia kwenye damu. Hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Kwenye ngozi nyeusi kifaa hiki kinapwaya. Kagua viganja, nyayo, kaakaa, na ndani ya kope la chini.

Kasoro yake kubwa ni kumtuliza mtu bure. Saa za mwanzo madoa huweza kufifia vizuri tu, au yasiwepo kabisa. Mikono na miguu ikiwa baridi huku mwili unachemka, miguu inauma, pumzi zinakwenda mbio, shingo imekakamaa au mgonjwa anachanganyikiwa, usingoje glasi ikubali. Vipele vya surua navyo hufifia mwanzoni. Hivyo vitambue kwa kuanzia usoni na nyuma ya masikio, baada ya siku kadhaa za homa, kikohozi, mafua na macho mekundu.

Wekundu wa moto unaotambaa mguuni hauhitaji glasi, unahitaji kalamu: chora mpaka wake, andika saa kando. Ukiuvuka mstari haraka, au maumivu yakiwa makali kuliko kinachoonekana, ni dharura.

Na simu? Picha haikandamiziki. Simu itumie kupiga picha madoa yakiwa chini ya glasi, ili daktari aone yalivyokuwa na saa ngapi.