Uzoefu wangu: wasanii walipoigiza sebuleni kwa mama, Rau

Krismasi iliyopita tulikusanyika kwa mama hapa Rau, Moshi, watu 14. Dada zangu walitoka Dar, kaka yetu mkubwa Mwanza. Jioni ya pili kila mtu kainamia simu yake, mama kakaa katikati anatazama visogo vyetu. Iliniuma sana. Nikawapigia vijana wanaoigiza majumbani, niliowaona kwenye sendofu ya binti wa jirani.

Bei yao shilingi 150,000: wasanii wanne, mchezo wa dakika 50. Nusu nilituma kwa simu, nusu baada ya mchezo. Walichelewa karibu saa nzima, na hilo sikulipenda, maana watoto walishaanza kusinzia.

Walipoingia waliamkia wakubwa, wakasogeza makochi, wakazima TV, wakapitisha kapu: simu zote ndani. Mwanangu wa kidato cha pili alinuna. Jukwaa hakuna, maikrofoni hakuna. Msanii anapita mpaka anagusa magoti yako, jasho lake unaliona.

Mchezo wenyewe ni ndugu wawili wanaotaka kuuza kihamba, shamba la nyumbani la marehemu baba yao. Sisi Wachaga tunajua uzito wake, maana kihambani ndiko iliko migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Aliyeigiza kitinda mimba akapiga goti mbele ya mama yangu, akamnyoshea karatasi: "Mama, weka dole gumba hapa."

Mama akaficha mkono ndani ya khanga. "Siweki. Baba yako amelala mle mgombani, utamhamishia wapi?"

Hayo hayakuwa kwenye mchezo wao. Kijana alinyamaza. Kisha akaikunja ile karatasi taratibu, akaitia mfukoni, akakaa sakafuni miguuni pa mama. Wenzake wakamfuata, na mchezo ukashika njia nyingine kabisa. Mama alikuwa mpenzi wa michezo ya redio tangu enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, na siku hizi filamu za kwenye TV humkuta usingizini. Lakini redio haikuwahi kumsikia akiongea.

Kasoro nyingine ni sauti: walipaza mno kwa sebule ndogo kama yetu, mjukuu mdogo akalia mara mbili. Ukiwaita, waambie mapema ukubwa wa chumba. Na wawekee chakula. Kwetu walikaa wakala machalari pamoja nasi, mama akimpakulia yule kijana kwa mkono wake.

Nusu ya Pasaka nimeshawatumia.