Fremu ya kutembelea: tathmini baada ya miezi mitano ya matumizi Vihiga

Fremu ninayoitathmini ni ya alumini, ina miguu minne isiyo na magurudumu, na hukunjika kwa kubonyeza kitufe cha mbele. Niliinunua mjini Kisumu kwa shilingi 4,500 kwa ajili ya mama yangu, mwenye umri wa miaka 81, ambaye anaishi Vihiga. Kwa mzee anayetegemea fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwasaidia wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, bei hiyo ni zaidi ya malipo ya miezi miwili, kwa hiyo inafaa mnunuzi ajue mapema kile ambacho kifaa hiki kinaweza kufanya na kile kisichoweza.

Mama hakuihitaji kabla ya homa ya mapafu iliyomlaza wiki mbili. Katika siku za mwanzo za ugonjwa huo alikuwa akiniita kwa jina la marehemu dada yake, na majirani wakaanza kusema kuwa uzee umempiga kichwani. Akili yake ilirejea maambukizi yalipotibiwa, kwani mzee anayechanganyikiwa ghafla mara nyingi ana ugonjwa mwilini unaotafuta kugunduliwa. Miguu ndiyo haikurejea. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2007 kwamba wazee wenye afya njema waliolala kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo moja ya nyama isiyo mafuta miguuni, na mama alilala siku nyingi zaidi, akiwa mgonjwa, tena hali chakula.

Muuzaji alinikabidhi fremu kama mtu anayeuza ndoo. Hakuuliza kimo cha mama wala sakafu ya nyumba yake. Kwa wiki tatu mama aliitumia ikiwa ndefu kupita kiasi, mabega yakiwa yamepanda hadi karibu na masikio, na kila jioni akalalamika shingo. Mtaalamu wa tiba ya viungo alipokuja nyumbani, alimwambia avae viatu vyake vya kila siku, asimame wima na kuiachia mikono ining'inie, kisha akashusha vishikio hadi vikalingana na mkunjo wa kifundo cha mkono, ili kiwiko kipinde kidogo tu anaposhika. Miguu ya fremu ina matundu na vibonye vya kurekebishia urefu, na kazi yote ilichukua dakika mbili. Kwa dakika hizo mbili mama alikuwa ameumia siku 21.

Mtaalamu huyo huyo alimpima kwa njia ambayo kila familia inaweza kuitumia: mzee ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi. Anayetumia sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa katika hatari ya kuanguka. Mama alitumia 31. Leo anatumia 22, na sidai kwamba fremu ndiyo iliyompunguzia sekunde hizo. Zilipungua kwa sababu anainuka na kuketi mara 10 asubuhi na mara 10 jioni kwenye kiti chenye mikono, na kwa sababu mayai, maharagwe na omena vimerudi kwenye sahani yake, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa na ugali na mboga peke yake. Fremu humzuia mzee asianguke akiwa njiani kupata nguvu. Nguvu zenyewe haizileti.

Jambo ambalo sikulitarajia lilihusu akili. Kutumia fremu hii ni kuinua, kuweka, hatua, hatua, na mpangilio huo huchukua fikra za mzee hasa katika mwezi wa kwanza. Mwaka 1997 watafiti wa Uswidi waliripoti kuwa wazee wanaosimama kila wanaposemeshwa wakiwa wanatembea ndio walioanguka zaidi katika miezi iliyofuata, maana kutembea kwao si jambo linalojiendea tena. Vihiga hakuna apitaye bila kusalimu, na salamu zetu si fupi: watoto, ng'ombe, mvua, mahindi. Mara mbili mama aliyumba akimjibu jirani. Tulikubaliana na wajukuu kuwa nyanya asisemeshwe mpaka awe amesimama na miguu yote minne ya fremu iko chini.

Kuhusu ubora wa kifaa, fremu yenyewe ni imara na nyepesi kiasi cha mama kuiinua bila kuhema. Mipira ya miguuni ndiyo dhaifu: ililika mwezi wa nne kwa sababu ya kokoto za uani, na ile ambayo fundi wa viatu alituchongea kutoka tairi iliteleza kwenye saruji yenye maji, tukaitupa siku hiyo hiyo. Mvua ikinyesha, miguu huzama matopeni, na njia ya chooni tulilazimika kuiwekea mawe bapa. Fremu yenye magurudumu ya mbele isingemchosha kama hii ndani ya nyumba, lakini kwa mteremko wetu ningeiogopa. Kosa jingine ni la matumizi: mama alikuwa akiivuta ili ainukie, nayo ikampindukia, sasa anajisukuma kwa mikono ya kiti kwanza. Usiku, kwa kuwa anatumia dawa za shinikizo la damu na kichwa humzunguka akiinuka haraka, huketi kando ya kitanda kwa dakika kadhaa kabla ya kuishika.

Kanisani bado anaiacha mlangoni na kushika mkono wa mjukuu, na hapo sijamshinda.

Ningeinunua tena, ila si katika duka lile. Niliporudi kutafuta mipira mipya, mteja mwingine alikuwa akimchukulia baba yake fremu; nikamwomba muuzaji futi ya kupimia, akasema hawana.