TAHADHARI: Mfumo wa maabara wa milioni 3.8, ndani ni Access tupu

Wakuu wa maabara ndogo, hasa mnaopima nafaka na vyakula, habari za kazi. Kuna jamaa anazunguka Kanda ya Kati na kompyuta yake mpakato akiuza "mfumo wa maabara" wa bei poa. Sisi ametupiga tayari. Jina simtaji, suala liko polisi, ila nitaeleza anavyofanya ili akija kwako umtambue.

Tuko Dodoma, watu wanne tu. Tunapima unyevu na sumukuvu (aflatoxin, sumu ya ukungu) kwenye mahindi, mengi yakitoka soko la Kibaigwa. Msimu ulipochanganya, Excel ikaanza kutugeuka: sampuli moja ina namba mbili, majibu ya mteja huyu yako kwenye cheti cha yule. Tukaanza kutafuta LIMS, yaani mfumo wa kompyuta wa kutunza sampuli na majibu ya maabara. Bei tulizoletewa kutoka nje zilikuwa za dola, kila mwaka, kwa kila kichwa kinachotumia. Ndipo akatokea huyu: milioni 3.8, unalipa mara moja, ni yako milele.

Siku ya maonyesho alitumia sampuli zake mwenyewe, kumi, zote safi. Anabonyeza hapa, cheti kinatoka na nembo yetu juu. Tukalainika. Kisha akatoa karatasi yenye muhuri wa dhahabu kwamba programu "imethibitishwa na ISO 17025". Hapo ndipo ilipaswa nimsindikize mlangoni. ISO inaandika viwango tu, haimpi mtu cheti. Tena 17025 ni kiwango cha maabara, si cha programu. Maabara ndiyo inayopewa ithibati, huku kwetu nyingi kupitia SADCAS, shirika la ithibati la nchi za SADC, na kifungu cha 7.11 kinakutaka wewe mwenyewe uhakikishe mfumo unafanya kazi sawasawa kabla ya kuutumia. Haya nayajua miaka mingi. Bei ilinipofusha.

Pesa alitaka kwenye namba ya simu, na jina lililotokea halikuwa la kampuni. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi? Mashine mbovu, nitawaletea kesho. Hiyo kesho haijafika.

Mwezi wa saba, asubuhi, lori la mteja liko nje linasubiri cheti, kioo kikaandika kwa wino mwekundu: LESENI IMEKWISHA. Nikampigia. Akasema kwa upole kabisa, "Ni ada ya mwaka tu mzee, milioni moja na laki mbili, nakufungulia sasa hivi." Mwaka gani, na tumetumia miezi saba?

Tuna mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Akaitazama ile faili, akashikilia kitufe cha Shift huku anaifungua. Ikafunguka kama mlango usio na komeo. Yale madirisha yote ya rangi yalikuwa pambo. Chini yake kuna faili ya Microsoft Access, programu ya kawaida ya kutunza data, yenye majedwali matatu, na muuzaji hakujisumbua hata kuziba hiyo njia. Access yenyewe haina kosa, ni chombo kizuri. Lakini kijana alisogeza mshale kwenye jibu la sumukuvu lililosomeka 14, akafuta 1, ikabaki 4, akafunga. Tulipofungua tena, 4 ilikuwa imekaa pale kana kwamba imezaliwa hivyo. Nani kabadilisha, lini, ilikuwa ngapi mwanzo: hakuna. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni sumukuvu jumla isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Yaani shehena chafu imekuwa safi kwa kufuta tarakimu moja. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma hapa na Manyara. Na Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kisha ikafungua kwa masharti, sharti mojawapo lilikuwa cheti cha kuonyesha sumukuvu iko chini ya 10. Cheti hicho ndicho tunachouza sisi.

Likaja la pili, baya zaidi. Kifaa chetu hakisomi chini ya 1, kwa hiyo tunaandika "<1". Programu ilikuwa haiijui hiyo alama, ikaandika 0 kimyakimya. Na sampuli ambayo haijapimwa bado nayo ikaandikwa 0. Sasa tuna mamia ya sifuri na hatujui ipi ni ipi.

Kwa hiyo akikujia, au yeyote mwenye bei tamu, usilipe hata mia kabla hujamkalisha mezani kwako na sampuli zako mbovumbovu. Mwambie aingize "<1". Mwambie abadilishe jibu lililokwisha kuidhinishwa, kisha akuonyeshe jibu la zamani, tarehe na jina la aliyebadilisha. Mwambie akutolee data zako zote kwenye faili ya kawaida unayoweza kuondoka nayo. Akianza kusema hiyo inakuja kwenye toleo lijalo, mwagize chai aende.

Wa bajeti ndogo waitazame SENAITE, ni LIMS ya chanzo huria na leseni yake haina malipo. Msidanganyike kuwa ni bure kabisa: inataka seva, inataka mtu anayeijua Linux, na wiki kadhaa za kuipanga. Sisi tunaijaribu kwenye kompyuta ya zamani.

Wakati huo huo tunarudia kuingiza majibu kutoka madaftari ya mezani, ukurasa kwa ukurasa, ambayo nashukuru hatukuyatupa. Tumebakiza Mei na Juni.